Maji yasiyochemka Busia: kisa cha koili, waya na volti 27 zilizopotea njiani

Hoteli iko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale matrela yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Madereva wakiamka saa kumi na moja alfajiri, mtu wa kwanza wanayemtafuta ni mwenye chai. Mwenye hoteli ni mama wa makamo, sote tunamwita Hajati. Huchemsha maji dumu zima kwa mkupuo, lita 20, mara nne kwa siku, kwa koili ya umeme anayoitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya aluminiamu. Siku aliyonipigia simu hakutaja umeme hata kidogo. Alisema, "Fundi, madereva wananihama. Maji yangu hayachemki."

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimekutana nacho Malaba na Tororo pia, kwa sura tofauti, na kila mara mwenye nyumba huwa ameshanunua kitu ambacho hakukihitaji.

Aliyoambiwa kabla yangu

Koili niliyoikuta ndani ya sufuria ilikuwa ya pili. Ya kwanza aliambiwa imechoka, akanunua mpya, na maji yakaendelea kuchemka kwa mwendo uleule wa kobe. Akaja fundi mwingine na testa yake, akachomeka ncha kwenye soketi ya jikoni, akasoma volti 236. "Umeme wako mzima, mama. Ama mita ina kasoro, ama koili ni ndogo." Akamshauri anunue ya wati 3,000. Hajati akanunua. Siku ya pili jikoni pakanuka plastiki inayoungua, kijana wake akakimbilia kuchomoa. Koili hiyo kubwa ilikuwa imerudishwa kwenye boksi lake juu ya kabati la vikombe, na Hajati hakutaka hata kuitazama.

Na kulikuwa na jambo la pesa za Yaka, umeme wa kulipia kabla. "Yaka naweka leo, keshokutwa inalia," alisema. Hapo ndipo aliposhika wazo kwamba mita inamwibia. Nilimwelewa. Mtu anayeuza chai kwa shilingi chache kikombe akiona yuniti zinayeyuka huku maji hayachemki, atamshuku nani mwingine?

Sasa nisimame kwenye ile 236, kwa kuwa kisa chote kimejificha humo. Kipimo kilikuwa sahihi. Nami nilipima nikapata 236 ileile, jikoni na kwenye mita, bila tofauti hata ya volti moja. Lakini koili ilikuwa imezimwa. Volti zinazopotea kwenye waya ni mkondo unaopita humo (hupimwa kwa ampea) mara ukinzani wa waya huo, yaani jinsi unavyouzuia mkondo (hupimwa kwa omu). Mkondo ukiwa sifuri, kinachopotea ni sifuri, hata waya ungekuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwenzangu aliuliza swali la waya wakati waya haukuwa na kazi, ukamjibu kwamba hauna tatizo. Kosa si la testa yake. Alihitaji kupima koili ikiwaka, na kupima vitu viwili kwa wakati mmoja: volti na ampea.

Vipimo

Nilizima friji, taa na kila kitu kingine, ikabaki koili peke yake. Friji niliiondoa kwa makusudi. Hesabu nitakazofanya hapa, za kuzidisha volti kwa ampea na kupata wati moja kwa moja, zinakubali kwa kitu kinachotoa joto tu kama koili, pasi au jiko. Mota ya friji ina tabia zake, wati zake halisi huwa pungufu ya zidisho hilo, na ingenivurugia picha.

Kijana wa Hajati akawasha. Nikabana klampumita, kipimo kinachosoma ampea kwa kuubana waya, kwenye waya mmoja wa koili: ampea 7.2. Testa kwenye soketi ya jikoni ikashuka palepale kutoka 236 hadi 206. Nikampigia simu mwanagenzi wangu aliyekuwa mbele ya nyumba kwenye mita. Kule alisoma 233.

Namba tatu tu: 233 kwenye mita, 206 jikoni, ampea 7.2. Nikakaa kwenye benchi la wateja na daftari.

Kwanza koili. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea, na volti zinazohusika ni zile zilizofika kwenye koili yenyewe, si zile za mita:

206 ÷ 7.2 = omu 28.6

Lebo ya koili inasema wati 2,000 kwa volti 240. Kutoka kwenye lebo unaweza kujua ukinzani wake ulivyokusudiwa kiwandani kwa kuzidisha volti kwa volti kisha kugawanya kwa wati:

240 × 240 ÷ 2,000 = omu 28.8

Hizi ni namba mbili zinazokubaliana. Koili nzima kabisa. Nikaomba ile ya kwanza, "iliyochoka"; ilikuwa bado nyuma ya jiko pamoja na vyuma chakavu. Nikaipima ikiwa baridi, bila umeme, kwa upande wa omu wa testa: 28.3. Nayo ilikuwa nzima. Hajati alinyamaza kidogo aliposikia hivyo. Alitupa kitu kizima na kulipia kingine, na hakuna aliyemfanyia hesabu ya mstari mmoja ambayo ingemwokoa.

Basi kama koili ni nzima, mbona maji yanakawia? Nguvu inayofika majini ni volti mara ampea:

206 × 7.2 = wati 1,483

Lebo inasema 2,000, maji yanapata 1,483. Wengi hawategemei pengo hili liwe kubwa kiasi hicho. Volti zimepungua kutoka 240 hadi 206, kama asilimia 14. Nguvu imepungua asilimia 26. Sababu ni kwamba volti zikishuka, mkondo nao unashuka, na nguvu inapata pigo kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana namba ya wati kwenye lebo ni ahadi yenye sharti: ukinipa volti 240, nami nitakupa 2,000. Ukinzani ndio koili inaobeba popote inapokwenda. Wati hutegemea unailisha nini.

Hapa pia nilimsahihisha kijana, aliyekuwa ameambiwa kwamba umeme ukiwa hafifu koili "hunyonya zaidi kujazia". Koili haijui kujazia. Ni waya wa chuma uliojikunja, na ukipewa volti chache unapitisha mkondo mdogo. Mota ya friji ndiyo inayoweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi volti zikishuka, na pengine ndiko maneno hayo yalikoanzia.

Mita iliyosingiziwa

Kabla ya kuufuata waya nilitaka kuimaliza kesi ya mita, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimuumiza Hajati usiku. Mita inaona 233 mara 7.2, yaani wati 1,678. Usoni mwake ina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na kando yake imeandikwa 1000 imp/kWh: kila yuniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa moja, ni mameko elfu moja ya kitaa hicho. Wati 1,678 kwa saa nzima ni mameko 1,678, na ukigawanya kwa 60 unapata karibu 28 kwa dakika.

Nilimwita Hajati, tukasimama wote mbele ya mita. Mimi nilishika saa, yeye akahesabu kwa sauti, kidole kikipiga kwenye kiganja. Dakika ilipokwisha alikuwa amefika 28. Tukarudia, 28 tena. Mita ilikuwa inahesabu kwa haki kila kilichopita.

Ila mita haijui kilichopita kimeishia wapi. Wati 1,678 zimetoka hapa, 1,483 zimefika kwenye sufuria. Zilizobaki ni 195 hivi, na ukizitafuta kwa njia nyingine unazipata palepale: volti zilizopotea ni 233 toa 206, yaani 27, na 27 mara 7.2 ni wati 194. Ukinzani wa njia nzima ni 27 gawanya kwa 7.2, yaani omu 3.75. Zaidi ya sehemu ya tisa ya umeme wote ambao Hajati alikuwa akiulipia ilikuwa inapasha moto kitu kingine kati ya mita na jiko. Kazi yangu ikawa kukitafuta kitu hicho.

Kwenye mwembe

Waya ulitoka kwenye boksi la mbele, ukapita chini ya mabati ya veranda, ukatoka nje kwa tundu la dirisha, ukaning'inia hadi kwenye mwembe ulio katikati ya uwanja, kisha ukaingia jikoni. Nilipima kwa futi ya mkanda: mita 60. Ulikuwa waya mwepesi wa nyuzi nyingi, viini viwili, milimita za mraba 0.75 kila kiini. Waya wa taa. Nilipouliza, Hajati akakumbuka: uliwekwa miaka ya nyuma, wakati jikoni palipikwa kwa mkaa na palihitaji balbu moja tu. Koili ilikuja baadaye, ikachomekwa pale pale, na tangu hapo hakuna aliyeutazama tena.

Kwenye mwembe, juu kidogo ya kimo changu, palikuwa na kiungio. Mtu aliuongeza waya kwa kusokota ncha kwa ncha na kuzungushia tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imegeuka kahawia, ngumu kama ganda la karanga, na gome la mwembe nyuma yake lilikuwa limebabuka doa dogo jeusi. Nilisogeza kiganja bila kugusa, joto likanipiga.

Nilipima volti kati ya upande mmoja wa kiungio na upande wa pili, kwenye kiini kilekile, koili ikiwaka: volti 6. (Kushikisha ncha za testa kwenye waya wenye umeme ni kazi ya fundi aliyefunzwa na mwenye vifaa vyenye kinga. Nakuomba usijaribu kwa sababu umesoma hapa. Kuhesabu unaweza ukiwa kwenye kiti. Kupima, mwite mtu.)

Waya mzima wenye shaba isiyokatika haupotezi volti 6 ndani ya sentimita tatu. 6 gawanya kwa 7.2 ni omu 0.83, na 6 mara 7.2 ni wati 43. Chuma cha kulehemu wanachotumia mafundi wa redio mara nyingi ni cha wati 40, nacho kinayeyusha risasi. Hajati alikuwa na kitu cha namna hiyo kimefungwa kwenye mti, kinawaka zaidi ya saa tano kwa siku.

Kiungio cha namna hii hujila chenyewe. Shaba iliyosokotwa tu inagusana sehemu chache, mahali pa kugusana panapata moto, moto unaiotesha shaba kutu nyeusi, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza moto. Ndiyo sababu tatizo la Hajati lilizidi mwezi baada ya mwezi ingawa hakubadilisha chochote.

Zilibaki volti 21 za kuelezwa, sawa na omu 2.92. Hizi ni za waya wenyewe. Mita 60 kwenda na mita 60 kurudi ni mita 120, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuhesabu njia ya kwenda peke yake. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja yenye unene wa milimita moja ya mraba, ikiwa kwenye nyuzi joto 20:

0.0172 × 120 ÷ 0.75 = omu 2.75

Tofauti kati ya 2.75 na 2.92 ni ndogo, asilimia 6 hivi, nayo ina maelezo yake. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja. Waya uliopita chini ya mabati mchana wa jua, ukiwa pia unajipasha wenyewe, kufika nyuzi 36 si ajabu. Waya huo ulitengenezwa kubeba ampea 6. Ulikuwa unabeba 7.2 kila siku.

Kama ile koili kubwa ingeendelea

Sehemu hii ndiyo iliyonitisha zaidi nilipoifanya kwenye daftari. Tuchukue koili ya wati 3,000. Ukinzani wake ni 240 × 240 ÷ 3,000, yaani omu 19.2. Ongeza njia ya jikoni, 3.75. Ongeza na ukinzani wa upande wa nje hadi kwenye mita: koili ndogo ilipowashwa volti za pale zilishuka kutoka 236 hadi 233, kwa hiyo ni 3 gawanya kwa 7.2, omu 0.42. Jumla ni omu 23.37.

236 ÷ 23.37 = ampea 10.1

Nguvu inayofika majini sasa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani wa koili: 10.1 × 10.1 × 19.2, yaani wati 1,959. Hajati alinunua 3,000, akapata pungufu ya 2,000. Waya nao: 10.1 × 10.1 × 3.75, wati 383 zinapotea njiani. Na kiungio pale kwenye mwembe: 10.1 × 10.1 × 0.83, wati 85. Mara mbili ya awali. Ile harufu ya plastiki ilikuwa onyo, na kijana aliyechomoa koili bila kumuuliza mtu alifanya jambo la maana kuliko ushauri wote waliokuwa wamepewa.

James Prescott Joule ndiye aliyelionyesha jambo hili mwaka 1841: joto kwenye waya hukua kwa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto ni mara nne. Georg Ohm alikuwa ameshachapisha uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani mwaka 1827. Hesabu zote nilizofanya kwenye benchi la Hajati ni za hao wawili, hakuna ya tatu.

Na si mambo ya jikoni tu. Umeme wa bwawa la Nalubaale kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, huja upande wetu wa Tororo kwa njia kubwa ya volti 132,000. Kwa hesabu nyepesi, bila kuingiza mambo ya fezi tatu, kusafirisha wati milioni moja kwa volti 240 kungehitaji zaidi ya ampea 4,000. Kwa volti 132,000 ni ampea 7.6 tu. Karibu mkondo uleule wa koili moja ya chai! Wanapandisha volti ili mkondo upungue, na mkondo ukipungua nyaya hazili. Hajati hawezi kupandisha volti za nyumbani kwake. Alichoweza ni kupunguza omu.

Nguvu imepungua, mbona yuniti zinaisha?

Kijana aliuliza hivi, na ni swali zuri, kwa sababu wati 1,678 za sasa ni chache kuliko 2,000 za lebo. Mita ilitakiwa iende polepole.

Iliendelea polepole, lakini kwa muda mrefu. Maji hayahesabu wati, yanahesabu jumla ya joto. Lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinahitaji kiasi kilekile kila siku. Busia iko mita elfu moja na mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Nyuzi 71 za kupanda, lita 20, pamoja na sufuria yenyewe: karibu yuniti 1.7. Kwa nguvu ya 1,483 mfululizo ingechukua dakika 68. Saa ya ukutani ilituonyesha 86. Zile 18 za ziada ni joto lililokuwa likitoroka kwenye sufuria isiyo na mfuniko wakati maji yanasubiri. Kadiri unavyokawia, ndivyo yanavyozidi kupoa huku unayapasha.

Wati 1,678 kwa dakika 86 ni yuniti 2.4 kwa kila sufuria.

Kijana alikuwa ameshika kalamu sasa. Akachukua balbu ya kizamani ya nyuzi, wati 60, akaipima omu ikiwa baridi: 70. Akafanya hesabu yangu, 240 × 240 ÷ 70, akapata wati 823, akaniangalia kama mtu aliyedanganywa. Nilifurahi sana kwamba alijaribu. Uzi wa balbu ile ni wa tangsteni, na ukiwaka hufika nyuzi joto zaidi ya 2,000. Ukinzani wake hupanda kutoka 70 hadi 960. Koili ya maji ni ya aloi ya nikeli na kromiamu ambayo haibadiliki sana, ndiyo maana ilisoma 28.3 ikiwa baridi na 28.6 ikiwa moto. Kwa koili unaweza kuamini kipimo cha baridi. Kwa balbu, pima volti na ampea ikiwa inawaka.

Nilichobadilisha

Kasoro moja sijaitaja bado, nayo ndiyo niliyoishughulikia kwanza. Waya ule wa taa ulikuwa na viini viwili tu. Hakukuwa na athi, waya wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Koili yenye ganda la chuma, ndani ya sufuria ya chuma, juu ya sakafu yenye maji, bila athi. Kinga ya ndani ya koili ikipasuka siku moja, sufuria nzima inakuwa na umeme, na anayechota kwa kikombe cha bati ni Hajati. Nilimwambia wazi kwamba hata kama maji yangekuwa yanachemka kwa dakika kumi, nisingeondoka pale bila kuliondoa hilo.

Tuliweka kebo mpya ya shaba ya viini vitatu, milimita za mraba 4, ndani ya bomba lililofukiwa, bila kiungio hata kimoja kutoka boksi hadi jikoni. Tukapiga nondo ya athi, tukaweka breka inayokata umeme kwa uvujaji wa miliampea 30. Soketi mbili, kila koili na yake.

Kwa nini 4 na si 2.5 iliyo nafuu? Kwa koili moja 2.5 ingetosha. Lakini Hajati alitaka asubuhi ya Ijumaa awashe zote mbili, ndogo na kubwa, na mkondo wa pamoja unakaribia ampea 19. Kwenye 2.5 zingepotea volti zaidi ya 15 njiani. Kwenye 4 ni karibu 10. Kanuni za Uingereza ambazo wengi wetu tulifunzwa nazo zinaruhusu asilimia 5, ambayo kwake ni kama volti 12. 2.5 inavuka, 4 inabaki ndani.

Kisha tukapima tena, koili ndogo ileile ya wati 2,000 peke yake. Kwenye mita 233, jikoni 229, ampea 8.0. Gawanya: omu 28.6, ileile ya jana, kama inavyopaswa. Zidisha: wati 1,832 zinafika majini. Njiani zinapotea 4 mara 8.0, wati 32, zimetawanyika mita 60 ardhini. Sufuria ilichemka kwa dakika 66. Wati 1,864 za mita kwa dakika 66 ni yuniti 2.05.

Kwa hiyo kila sufuria imeokoa yuniti 0.35, kama 0.24 zilikuwa zinaishia kwenye waya na mwembe, zilizobaki zilikuwa zinapotea hewani kwa kukawia. Sufuria nne kwa siku, siku 30, ni yuniti 42. Nimechukua shilingi 700 kwa yuniti ili hesabu iwe nyepesi, wewe weka bei unayolipa: shilingi 29,400 kwa mwezi. Hajati aliirudia namba hiyo mara mbili, halafu akaenda kuifunika sufuria kwa sinia, jambo nililokuwa nimemwomba tangu asubuhi.

Waya wa zamani hakutaka utupwe. Nilikata kile kiungio, nikaweka konekta ya skurubu ndani ya kiboksi, nikauvuta tena hadi kwenye choo cha nje, pembeni ya mwembe, ambako wateja wa alfajiri walikuwa wakimulika kwa simu. Huko kuna taa ya LED ya wati 9. Wati 9 kwa volti 236 ni ampea 0.04, na kwa kuwa taa hizi hazifuati zidisho la volti na ampea sawasawa, nikaihesabu mara mbili, 0.08. Mara omu 2.92, volti zinazopotea ni 0.23.

Waya uleule wa 0.75, mita 60 zilezile.

"Na huu hautaungua?" Hajati aliniuliza akiutazama.

Nikamwonyesha daftari: wati zinazobaki kwenye waya mzima ni 0.02. Akaniwekea chai.